Janga Moja, Hasara Mbili: Mwanafunzi wa Kijijini na wa Mjini Wakati wa Korona



Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Tanzania, serikali ilifunga shule zote, kuanzia za awali hadi sekondari. Kesho yake vikafuata vyuo. Nasi mafrateri wa mwaka wa kwanza wa falsafa tulifunga mabegi, tukapokea baraka ya Padre Gombera, tukaondoka. Wengine tulirudi Dar es Salaam na Mwanza. Wengine tulirudi vijijini, mmoja wetu mpaka milimani Mbinga, ambako basi hukuacha njiani na safari iliyobaki ni ya bodaboda au ya miguu.

Tuliitwa tena mwezi Juni. Wiki ya kwanza mwalimu wetu wa Mantiki alitoa jaribio dogo, la nusu saa tu. Matokeo yalipobandikwa tuliyasoma kimya. Waliokaa mjini walikuwa juu, waliokaa kijijini walikuwa chini, karibu bila kuchanganyika. Mwenzetu wa Mbinga, ambaye kabla ya Machi ndiye aliyekuwa akitufundisha silojismo jioni baada ya Rozari, alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mwalimu hakukaripia mtu. Aliuliza swali moja: “Nimewapa wote maswali yale yale, muda ule ule, siku ile ile. Je, nimewatendea haki?”

Makala hii ni jaribio letu la pili, la kujibu swali hilo. Tutatazama kwanza jinsi janga lile lilivyompata mwanafunzi wa kijijini na wa mjini, kisha tutapima kwa mwanga wa falsafa na wa Maandiko Matakatifu, na mwisho tutajiuliza sisi wenyewe tulifanya nini.

1. Agizo moja kwa wote

Mwaka ule dunia nzima ilifunga. UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliokuwa nje ya madarasa ilipofika Aprili 2020. Majirani zetu walikaa nje muda mrefu kuliko sisi. Nchini Kenya baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba 2020 na wengine wote Januari 2021. Nchini Uganda shule zote zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili baada ya kufungwa. Kwetu Tanzania vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni 2020, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Mtoto wa shule ya msingi alikaa nyumbani zaidi ya siku mia moja.

Agizo la kufunga lilikuwa moja. Lilimhusu mtoto wa Masaki sawasawa na mtoto wa Mbinga, na hatuna ugomvi nalo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mpya na kulinda uhai ndiyo wajibu wa kwanza. Swali letu linaanzia siku ya pili yake. Baada ya mlango wa darasa kufungwa, ni mlango gani mwingine uliobaki wazi, na ulikuwa wazi kwa nani?

Jibu lililotolewa karibu kila nchi lilikuwa redio, televisheni na mtandao. Hapa kwetu pia masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Lakini televisheni inahitaji umeme, na mwaka ule karibu kaya tatu kati ya nne za mjini zilikuwa na umeme, wakati vijijini ilikuwa takribani kaya moja kati ya nne. Mwezi Agosti 2020 UNICEF ilitoa makadirio kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali, na kwamba watatu kati ya wanne wao walitoka vijijini au katika familia maskini. Wahenga walishasema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyepanga somo la saa nne asubuhi kwenye televisheni alikuwa na televisheni.

2. Kijijini: mahindi hayangoji

Mwenzetu wa Mbinga alitusimulia hivi. Nyumbani kwao kulikuwa na redio moja, ya baba, inayotumia betri. Betri zilinunuliwa kwa ajili ya taarifa ya habari na ya vifo, na hakuna mtoto aliyethubutu kuzimaliza kwa somo la Hisabati. Simu ilikuwa kitochi. Sisi wa mjini tulipokuwa tunatumiana kurasa za vitabu katika kundi la WhatsApp, yeye alizipata siku za mnada tu, kwa kuazima simu janja ya mwenye duka, akisimama juu ya kichuguu nyuma ya ghala la kahawa, mahali pekee ambapo mtandao ulishika.

Tena kijijini hakuna mtu anayekaa bure. Machi magugu ni mengi shambani. Mei mahindi yanakauka, na Juni kahawa inaanza kuiva. Mzazi anapomwona mtoto wa miaka kumi na miwili yupo nyumbani, hamwoni mwanafunzi aliye likizo ya dharura. Anaona mikono miwili ambayo mwaka jana aliikosa. Si ukatili. Ndiyo hesabu ya nyumba inayokula kile ilichovuna. Wadogo zake mwenzetu walikwenda shambani asubuhi na kurudi jua likizama, na baada ya ugali hakukuwa na taa ya kusomea isipokuwa tochi ya simu.

Kuna na hasara ambayo haikurekebishika hata shule zilipofunguliwa. Tunasema juu ya mabinti. Shule, pamoja na upungufu wake wote, humweka binti mahali panapojulikana, kwa saa zinazojulikana, machoni pa walimu. Kwa zaidi ya siku mia moja ulinzi huo uliondoka. Tena wakati ule binti aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Ruhusa hiyo ilitangazwa tarehe 24 Novemba 2021. Kwa hiyo aliyepata mimba Aprili 2020 alipoteza shule yenyewe, wala si muhula mmoja. Afrika ilikuwa imeshaonywa. Sierra Leone ilipofunga shule kwa sababu ya Ebola, mwaka 2014 hadi 2015, wasichana wengi walipata ujauzito, na waliobeba mimba walikatazwa kurudi darasani hadi katazo hilo lilipoondolewa Machi 2020, mwezi ule ule ambao sisi tulikuwa tunafunga.

3. Mjini nako si kumoja

Hata hivyo, tusiseme kana kwamba kila mtoto wa mjini alikaa sebuleni na kompyuta. Mmoja wetu alirudi Manzese, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na familia sita, choo kimoja na bomba moja. Kukaa mbali na jirani kwa mita moja palikuwa hapawezekani. Mama yake ni mama lishe. Ofisi alizokuwa akizipelekea chakula zilipopunguza watu, sufuria nazo zikapungua. Mtandao ulikuwepo, lakini bando la wiki lilishindana na unga, na unga ulishinda. Huko Arusha, watalii walipoacha kuja, wapishi, madereva na wachuuzi wa vinyago walibaki bila kipato, na ada za watoto wao zikabaki deni.

Mtoto wa kijijini alikuwa na vitu ambavyo mwenzake wa Manzese alivikosa: hewa, nafasi, chakula cha shambani, bibi na babu. Ndiyo maana wazazi wengi wa mjini waliwapakia watoto kwenye mabasi wakawapeleka kwa bibi. Watoto hao walijifunza kupalilia na kutambua majani ya dawa. Hilo si dogo. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilalamikia shule inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwamba wazee wake hawajui kitu.

Lakini tuwe waangalifu. Sifa za kijiji zisitumike kufunika deni tunalodaiwa na kijiji. Mwezi Oktoba watoto wale wa darasa la saba walikaa kwenye mtihani wa taifa, na mtihani haukuuliza namna ya kupalilia. Uliuliza sehemu na desimali. Hata mjini kwenyewe, mwenye uwezo alimlipia mwanawe mwalimu wa tuisheni aje nyumbani, na asiye na uwezo alingoja. Basi ufa hasa haukupita tu kati ya mjini na kijijini. Ulipita kati ya mtoto aliyekuwa na mtu na kitu cha kumshika mkono shule ilipomwachia, na yule asiyekuwa navyo. Ila kijijini walio upande wa pili wa ufa huo ni wengi zaidi.

4. Sawa kwa sawa si lazima iwe haki

Sasa turudi kwa swali la mwalimu wetu. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anatofautisha usawa wa hesabu na usawa wa uwiano. Usawa wa hesabu humpa kila mtu kiasi kile kile. Usawa wa uwiano humpa kila mtu kwa kulinganisha na hali inayohusika na kinachogawiwa. Katika kitabu cha pili anatoa mfano wa mwanamieleka Milo: chakula kinachomtosha yeye hakiwezi kuwa kipimo cha mtu anayeanza mazoezi leo. Mwalimu wa mazoezi anayewapakulia wote kijiko kimoja hajawatendea sawa. Amemlaza mmoja na njaa na kumvimbisha mwingine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa (II-II, swali la 61), anaipokea tofauti hii na kuiita haki ya mgawanyo, yaani haki inayosimamia namna jumuiya inavyowagawia wanajumuiya mali na mizigo ya pamoja. Tuzingatie neno mizigo. Kufunga shule kulikuwa mzigo wa pamoja, uliobebwa kwa manufaa ya wote: tulifunga ili wazee wetu wasife. Kama faida ni ya wote, si haki uzito wa gharama yake uwaangukie watoto wa bonde moja.

Mtu anaweza kupinga: “Ugonjwa ni jambo la maumbile. Hakuna aliyeuleta kijijini, hakuna aliyeuchagua. Hiyo ni bahati mbaya, si udhalimu.” Pingamizi hili lina ukweli nusu. Kirusi ni cha maumbile. Lakini nguzo ya umeme inayoishia kilomita tano kabla ya kijiji haikuota pale yenyewe, wala kitabu kimoja cha kusomwa na watoto watano hakikuanguka kutoka mbinguni. Hayo ni matokeo ya maamuzi ya wanadamu, na penye uamuzi pana uwajibikaji. Janga halikuchimba shimo. Lilikuta shimo limechimbwa, likawasukuma ndani waliokuwa ukingoni.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio karibu sana na jambo letu. Katika Matendo ya Mitume 6:1-7 tunasoma kwamba Wakristo waliosema Kiyunani walinung’unika kwa sababu wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatuambiwi kwamba kulikuwa na nia mbaya. Huduma ilikuwepo, chakula kilikuwepo, ila kilipogawiwa kwa utaratibu uliozoeleka, kundi moja lilirukwa. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakusema kwamba utaratibu ni ule ule kwa wote. Waliita jumuiya nzima, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Kanisa changa liliunda huduma mpya kwa sababu kundi moja lilisahauliwa. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba kumpa zaidi aliyerukwa si upendeleo.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwalimu ni hili: jaribio lile lilikuwa sawa, lakini halikuwa la haki kama lingetumika kutupanga nani ana akili na nani hana. Lingekuwa la haki kama lingetumika kujua nani asaidiwe wapi. Tunashukuru kwamba ndivyo alivyolitumia. Kwa wiki sita alikaa na waliotoka vijijini kila Jumatano mchana, na mwisho wa muhula mwenzetu wa Mbinga alirudi mahali pake pa zamani. Watoto wa darasa la saba wa kijijini kwake wengi hawakuwa na Jumatano kama hizo.

5. Tulichokuwa nacho mikononi

Hapa inatupasa tuungame. Nchini mwetu nyumba za ibada hazikufungwa. Shule ya msingi ilipokuwa na kufuli, kigango kilikuwa wazi. Watoto walewale waliokosa mwalimu Jumatatu tuliwaona Jumapili kwenye benchi. Nasi mafrateri tulikuwa nyumbani kwa karibu wiki kumi na moja, vijana waliomaliza kidato cha sita, wenye kujua kusoma, kuhesabu na kueleza. Tulifanya nini?

Wengi wetu tulingoja. Tulisali, tulisaidia kazi za nyumbani, tulihudumia altareni, na muda uliobaki tuliumaliza kwenye simu tukihesabu siku. Hatukuona kwamba mtoto wa jirani ni mwanafunzi aliyerukwa. Mmoja tu, huyohuyo wa Mbinga ambaye hakuwa na mtandao, alimwomba katekista ruhusa ya kutumia kivuli cha mwembe nje ya kigango. Kila siku saa kumi jioni, watu wakitoka shambani, aliwakusanya watoto kumi na wawili wa darasa la saba, wakakaa mbalimbali juu ya mawe, akawafundisha sehemu na desimali kwa kuchora chini kwa kijiti. Ndiyo maana hakusoma Mantiki yake. Tulipolijua hilo, ile orodha ya matokeo iliyobandikwa ukutani ilitugeukia sisi.

Tena alichokifanya si kigeni katika nchi hii. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Ilitumia redio, lakini haikuiacha redio peke yake. Vikundi vya kusikiliza viliundwa vijijini, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na vijitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi. Watu walisikiliza pamoja, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Karibu watu milioni mbili walishiriki, wengi wao wakiwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Siri yake ilikuwa vitu vitatu kwenda pamoja: sauti, karatasi na mtu. Mwaka 2020 watoto wetu walipewa sauti tu.

Sisi Wakatoliki kikundi cha namna hiyo tunacho tayari. Tangu miaka ya 1970 Maaskofu wa nchi za AMECEA waliifanya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Inakutana kila wiki, inajua kila nyumba, inajua mtoto gani haendi shule na binti gani amekaa kimya kupita kawaida. Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni, aliyoieleza Papa Pius XI mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno: chombo kikubwa kisikipokonye kidogo kazi ambayo kinaiweza, bali kikisaidie. Serikali ndiyo inayoweza kuchapa vijitabu na kupeleka umeme, na ni haki yetu kuidai. Lakini kumjua mtoto kwa jina na kumwita chini ya mwembe ni kazi ya jumuiya.

Tunapendekeza mambo manne mepesi, yafanyike kabla ya janga lingine. Kwanza, kila jumuiya iwe na orodha ya wanafunzi wake kwa madarasa, kama ilivyo na orodha ya wagonjwa. Pili, kigango kiwe na sanduku la vitabu vya kiada, redio moja na taa moja ya sola, viwe mali ya watoto na si ya kamati. Tatu, jumuiya imchague mama mmoja anayeaminika, ambaye mabinti wanaweza kumwendea bila woga shule zinapofungwa kwa sababu yoyote. Nne, sisi mafrateri, tunapopewa barua ya kwenda likizo, tujihesabu kuwa tumetumwa. Paroko aliye na mafrateri watatu nyumbani ana walimu watatu wa muda.

Hitimisho

Ugonjwa ule ulitutisha kwa sababu haukubagua mwili wa tajiri wala wa maskini. Athari zake darasani zilibagua. Watoto wa darasa la saba wa mwaka 2020 sasa ni vijana. Baadhi yao waliendelea na sekondari, wengine wako shambani au wanalea. Hatuwezi kuwarudishia zile siku mia moja. Tunachoweza ni kutokubali mgawanyo ule uonekane kuwa mapenzi ya Mungu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu zetu, utawaangukia wadogo zetu.

Mwenzetu wa Mbinga, tulipomwonyesha makala hii, aliomba tuongeze jambo moja tu: kwamba kati ya wale watoto kumi na wawili, tisa walichaguliwa kuendelea na sekondari, na kwamba watatu waliobaki bado anawakumbuka kwa majina katika Misa. Nasi tumeahidi kuwakumbuka pamoja naye.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Shule zikifungwa kesho, ni watoto gani wa jumuiya yetu watakaorukwa kwanza? Tuwataje.
2. Ni vitu gani kigango chetu kinavyo ambavyo vingeweza kuwasaidia wanafunzi lakini vimefungiwa kabatini?
3. Soma Matendo ya Mitume 6:1-7. Kati yetu, nani wangekuwa wale saba?